Tarakilishi sasa yauona mto, lakini nani ataupima?

Dalili ya mvua ni mawingu, walinena wahenga, na hadi leo hakuna aliyewakosoa. Lakini je, dalili ya mafuriko ni nini? Mkazi wa Budalang'i, kule Mto Nzoia unakomwaga maji yake katika Ziwa Victoria, anaweza kuamka asubuhi mbingu ikiwa safi na jua likiwaka, kisha kabla ya magharibi akajikuta amejitwika godoro akitafuta mahali palipoinuka. Wingu lililomfukuza nyumbani kwake hakuliona kamwe. Lilinyesha siku moja au mbili zilizotangulia, mbali naye, katika milima ya Cherangani au kwenye miteremko ya Mlima Elgon, na maji yake yakashika safari ya zaidi ya kilomita 200 hadi mlangoni pake.

Ndiyo maana mafuriko ya mito huwashtua hata wazee wanaojua kuzisoma mbingu. Anayetaka kuyatabiri hana budi kujua mambo yanayotendeka kwa wakati mmoja katika bonde zima la mto: mvua imenyesha wapi, kiasi gani, kwa muda gani, juu ya udongo wa namna gani. Hakuna jicho la binadamu linaloweza kuyaona hayo yote. Kwa sababu hiyo wanasayansi wameikabidhi tarakilishi kazi hiyo.

Jambo hili lawahusu walimu na wanafunzi kuliko wanavyodhani. Mnamo Aprili na Mei 2024 mvua za masika na mafuriko yake yaliwaua takriban watu 300 nchini Kenya. Shule zilizotarajiwa kufunguliwa tarehe 29 Aprili kwa muhula wa pili zilisalia zimefungwa hadi tarehe 13 Mei. Kalenda ya masomo ya taifa zima ilivurugwa na maji. Si mgomo wala maradhi. Ni maji.

Hoja yangu katika makala haya ni moja. Wanasayansi wamefaulu kuunda modeli za tabianchi zenye macho makali ya kutosha kuiona milima yetu, ziwa letu na mabonde ya mito yetu. Hayo ni mafanikio makubwa. Lakini wakati ule ule ambapo macho ya tarakilishi yanakuwa makali, macho yetu wenyewe yaliyo kando ya mto yanafumba. Tusipoyafumbua, elimu hiyo mpya itatupita kama maji yanavyoupita mto mkavu baada ya mvua ya saa moja.

Kwanza tuelewane. Modeli ya tabianchi ni nini? Mwanafunzi wa fizikia anazifahamu tayari kanuni zake: kanuni za Newton kuhusu mwendo, kanuni ya kuhifadhika kwa nishati, na kanuni za gesi. Mtaalamu huigawa dunia yote katika miraba, mfano wa karatasi ya kuchorea grafu, na juu ya kila mraba akapanga tabaka baada ya tabaka hadi juu angani. Katika kila kisanduku huandikwa joto, unyevu, kanieneo ya hewa na kasi ya upepo. Kisha tarakilishi huulizwa: ikiwa hali ni hii sasa, dakika chache zijazo itakuwaje? Jibu likipatikana, swali lile lile huulizwa upya, tena na tena, mpaka miaka thelathini au mia moja ipite ndani ya mashine.

Fikira hii ni kongwe kuliko tarakilishi zenyewe. Mwingereza Lewis Fry Richardson, aliyehudumu na magari ya kubeba majeruhi nchini Ufaransa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, alijaribu kukokotoa kwa mkono mabadiliko ya hali ya hewa ya Ulaya katika siku moja ya Mei 1910. Jibu lake lilipotoka mno: hesabu zilisema kanieneo ingebadilika kwa hektopaskali 145 katika muda wa saa sita, jambo lisilowezekana. Hakukata tamaa. Katika kitabu alichokichapisha mwaka 1922 aliwazia ukumbi mkubwa wenye wakokotoaji 64,000, kila mmoja ameshika sehemu yake ya dunia, na msimamizi mmoja katikati akiwaongoza kama mwalimu wa kwaya. Ukumbi huo haukujengwa. Mwaka 1950 nchini Marekani tarakilishi ilifanya utabiri wake wa kwanza wa hali ya hewa, na tangu hapo nafasi ya wakokotoaji wale ikachukuliwa na mashine. Mjapani Syukuro Manabe, aliyefanyia kazi zake Marekani, alishiriki Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2021 kutokana na modeli alizoanza kuzishughulikia miaka ya sitini.

Sasa tuje kwenye ukubwa wa miraba, maana hapo ndipo penye kiini cha mambo. Kwa miaka mingi modeli za dunia nzima zilitumia miraba yenye upana wa kilomita 100 hadi 200 na hata zaidi. Chukua mraba wa kilomita 200 kwa 200. Eneo lake ni kilomita mraba 40,000. Bonde lote la Mto Nzoia, kuanzia vyanzo vyake hadi ziwani, ni karibu kilomita mraba 13,000. Maana yake ni kwamba bonde zima halifikii hata thuluthi moja ya mraba mmoja! Mlima Elgon wenye urefu wa mita 4,321 na uwanda wa Budalang'i vinachanganywa pamoja na kupewa kimo kimoja, joto moja na mvua moja. Ziwa Victoria lenyewe, lenye kilomita mraba 68,800, haliifikii miraba miwili.

Mwalimu atalifahamu tatizo hili upesi. Tuseme darasa la wanafunzi arubaini limepata wastani wa alama 50. Je, wastani huo unakwambia kuna mwanafunzi aliyepata 95, au mwingine aliyepata 8? La hasha. Wastani huwameza wote wawili. Mraba mkubwa hufanya vivyo hivyo kwa mvua: unaichukua mvua ya gharika iliyopiga mteremko mmoja, unaitandaza juu ya wilaya kadhaa, na mwishowe unaripoti manyunyu. Ilhali mafuriko hayazaliwi na wastani. Huzaliwa na ile mvua ya mteremko mmoja, ya alasiri moja.

Isitoshe, mawingu makubwa ya radi, ambayo ndiyo hutuletea mvua kali katika ukanda huu wa ikweta, aghalabu huwa na upana wa kilomita chache tu. Modeli ya miraba mikubwa haiwezi kuyaona mawingu hayo. Hulazimika kuyakisia kwa kanuni ya jumla, na makisio hayo yana kasoro zinazojulikana: hunyesha mvua nyepesi mara nyingi mno, mvua kubwa mara chache mno, tena hunyesha mapema mno mchana. Mwanafunzi wa Kakamega, anayejua fika kwamba mvua ya kwao hungoja alasiri, angeweza kuisahihisha modeli ya namna hiyo pasipo kwenda chuo kikuu.

Punguza mraba hadi kilomita 50, na bonde la Nzoia linapata miraba mitano. Ni afadhali, lakini bado. Ndipo Idara ya Hali ya Hewa ya Uingereza, ikishirikiana na watafiti wa vyuo vikuu, ilipounda modeli iitwayo CP4-Africa, iliyoanza kuelezwa katika machapisho ya kitaalamu mwaka 2018. Modeli hiyo ililifunika bara zima la Afrika kwa miraba ya kilomita 4.5. Piga hesabu mwenyewe: kila mraba una eneo la takriban kilomita mraba 20, na bonde la Nzoia linapata miraba zaidi ya 600. Sasa Elgon ni mlima, Budalang'i ni uwanda, na wingu la radi linaruhusiwa kuzaliwa, kukua na kunyesha lenyewe bila ya kukisiwa.

Ziwa Victoria nalo likawa ziwa. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, upepo ukavuma kutoka ziwani kuelekea bara, ukapanda miinuko ya Nandi na Kakamega na kuzaa radi za alasiri. Usiku mambo hugeuka: upepo hutoka bara kwenda ziwani, na dhoruba huwapiga wavuvi gizani. Pumzi hii ya ziwa, ambayo kila mwalimu wa jiografia huifundisha kwa mchoro ubaoni, ndiyo inayoamua mvua ya sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya. Modeli isiyoijua haiwezi kuujua Nzoia, wala Nyando, wala Yala.

Modeli hiyo ilisema nini kuhusu siku zijazo? Kwanza tukumbuke kanuni moja ya fizikia: kila joto linapoongezeka kwa nyuzi moja ya Selsiasi, hewa huweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7. Hewa yenye joto ni kama mtungi mkubwa zaidi. Unapomwagika, humwaga maji mengi zaidi. Matokeo ya CP4-Africa yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kuwa, tabianchi ikiendelea kupata joto, mvua kali kupita kiasi zitaongezeka barani kuliko ilivyodokezwa na modeli za miraba mikubwa, na katika sehemu kadhaa za bara vipindi vya ukavu ndani ya msimu wa mvua vitarefuka pia. Kwa maneno mengine, mkulima atalalamikia ukame na mafuriko katika msimu mmoja. Wakulima wetu tayari wameanza kulizoea lalamiko hilo.

Hata hivyo, ukali huu wa macho una gharama, na hesabu yake ni somo zuri la darasani. Ukipunguza upana wa mraba kwa nusu, idadi ya miraba huongezeka mara nne. Na kwa kuwa upepo huuvuka mraba mdogo kwa muda mfupi zaidi, ni lazima pia hatua za muda zipunguzwe kwa nusu. Nne mara mbili ni nane. Kila unapoukata mraba nusu, kazi ya tarakilishi huongezeka mara nane. Kwa kipimo hicho, kutoka kilomita 200 hadi 4.5 kazi huongezeka zaidi ya mara 80,000! Tarakilishi ziwezazo shughuli hiyo ni chache, nazo nyingi ziko ng'ambo. Ndiyo sababu CP4-Africa iliiga miaka kumi tu ya hali ya sasa na miaka kumi ya mwishoni mwa karne hii. Na hapo pana utata: utajuaje mafuriko yanayokuja mara moja katika miaka mia kutokana na mwigo wa miaka kumi? Kwa sababu hiyo wataalamu hawaiamini modeli moja pekee. Huzitumia nyingi, zenye miraba mikubwa kwa miaka mingi na zenye miraba midogo kwa miaka michache, kama baraza la wazee ambamo kila mmoja ana alilolishuhudia.

Aidha, mvua si mafuriko. Baada ya modeli ya anga kunyesha mvua yake, hutakiwa modeli ya pili, ya nchi kavu na mto. Hiyo huuliza maswali mengine. Udongo ulikuwa umeshiba maji au ulikuwa na kiu? Mteremko una msitu au umekatwa ukabaki kipara? Maji yatachukua saa ngapi kufika mtoni, na mto una kina na upana gani? Mvua ile ile inayonywewa na udongo mkavu mwezi wa Machi yaweza kuwa maafa ikinyesha mwishoni mwa Aprili, wakati ardhi haina nafasi ya hata tone moja.

Kisha kuna mikono ya binadamu. Mto Tana hupita katika mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere kabla ya kushuka kwenda Garissa na Garsen. Bwawa likiwa na nafasi, huwakinga walioko chini. Likijaa, maji hupita juu yake na kuendelea na safari. Modeli haiwezi kujua bwawa limejaa kiasi gani asipoiambia mtu. Vivyo hivyo kuhusu mambo madogo. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024 maji yaliyafagia makazi karibu na Mai Mahiu na kuua makumi ya watu. Wizara ya Maji ilieleza kwamba maji hayo yalikuwa yamejikusanya nyuma ya tuta la reli, kwa kuwa njia yake ya kupitia chini ya tuta ilikuwa imezibwa na mawe, udongo na miti. Mraba wa kilomita 4.5 hauoni mtaro ulioziba. Huo huonwa na mtu anayepita hapo kwa miguu, na anayejua ni nani wa kumwambia.

Hapa ndipo ninapofika kwenye jambo linalonikera. Modeli, hata iwe na miraba midogo namna gani, haiwezi kujisahihisha yenyewe. Husahihishwa kwa kulinganishwa na vipimo vya kweli: milimita za mvua zilizonyesha mahali fulani siku fulani, na kimo cha maji katika mto asubuhi na jioni. Tunajua kwamba kati ya 1961 na 1964 Ziwa Victoria lilipanda kwa zaidi ya mita mbili, na kwamba Mei 2020 lilifikia kimo kilichovunja rekodi ya 1964. Twayajua hayo kwa sababu tangu mwishoni mwa karne ya 19 kumekuwa na watu waliokwenda ufuoni kuusoma ubao wa kupimia na kuandika walichokiona. Hakuna setilaiti wakati huo, hakuna tarakilishi. Palikuwa na ubao, kalamu na mtu mwaminifu.

Leo hali ikoje? Shirika la Hali ya Hewa Duniani limesema kwamba vituo vya kupima hali ya hewa barani Afrika ni takriban sehemu moja tu kwa nane ya kiwango cha chini kinachopendekezwa. Katika nchi nyingi za bara hili vipimo vya mito vilivyokuwa vikisomwa miaka ya sabini vilianza kuachwa tangu miaka ya themanini, fedha zilipopungua na wasomaji wake walipostaafu bila ya kurithiwa. Fauka ya hayo, mafuriko makubwa yana tabia ya kung'oa kipimo chenyewe, hivi kwamba siku tunayoihitaji zaidi rekodi ndiyo siku isiyokuwa na rekodi. Mtaalamu aliyeko ng'ambo anapotaka kujua kama modeli yake imeusimulia mto wetu sawasawa, anatafuta vipimo vya kuulinganisha nao na kukuta kurasa tupu.

Mimi nimezizuru shule kadhaa zilizo na kibanda cha vyombo vya hali ya hewa. Katika baadhi yake magugu yamekipita kibanda kwa urefu, na kipimamvua kimegeuka makao ya buibui. Lakini katika shule moja ya upili nilifurahi kuonyeshwa daftari la mvua lililoandikwa na wanafunzi kwa mwandiko nadhifu, mwaka baada ya mwaka. Nililifungua kwa pupa ili nione mvua za Aprili. Hazikuwemo. Kila mwaka, baada ya siku za mwanzo za mwezi huo, daftari lilinyamaza, kisha likaendelea muhula wa pili ulipofunguliwa. Nilipouliza sababu, mwanafunzi mmoja alinijibu kwa adabu, "Mwalimu, Aprili huwa tumefunga shule."

Jibu hilo halina kosa. Lakini lina funzo. Mwezi ambao mvua za masika hupamba moto ndio mwezi ambao kipimamvua cha shule hakina msomaji. Na tiba yake haihitaji mamilioni ya fedha. Inahitaji mwanafunzi mmoja anayeishi jirani, au bawabu wa shule, au mama mwenye duka mkabala na lango, akabidhiwe daftari na kuonyeshwa namna ya kusoma milimita saa tatu kamili asubuhi. Dakika mbili kila siku, basi.

Nawasikia wanaosema kwamba haya yote ni anasa. Mtu wa Budalang'i, wanasema, anahitaji kingo imara, chakula na dawa, wala si miraba ya tarakilishi. Hoja hiyo ina uzito, kwani aliyelala kambini juu ya matope hali modeli. Lakini tuitazame kingo yenyewe. Anayejenga ukingo wa mto sharti aamue urefu wake. Aujenge mita ngapi? Kwa kulijibu swali hilo, tayari ametabiri. Amesema maji ya siku zijazo hayatapita hapa. Akitumia vipimo vya zamani pekee, ametabiri kwamba mvua za zamani ndizo zitakazorudi. Kingo za Nzoia zimewahi kupasuka si mara moja, ikiwemo mwaka 2003. Kwa hivyo suala si kama tutatabiri au hatutatabiri. Kila ukingo, kila daraja na kila shule iliyojengwa bondeni ni utabiri wa saruji. Suala ni kama tutatabiri kwa elimu au kwa kubahatisha.

Hali kadhalika, hatuna budi kujifunza lugha ya uwezekano. Mhandisi akisema "mafuriko ya miaka mia", wengi hudhani kwamba yakija leo hayatarudi mpaka karne ipite. Sivyo. Maana yake ni kwamba kila mwaka kuna uwezekano wa asilimia 1 wa kutokea kwake, hata kama yalitokea mwaka jana. Jenga shule mahali hapo na uiache isimame miaka thelathini: uwezekano wa kufikwa na mafuriko hayo angalau mara moja ni asilimia 26, yaani zaidi ya mara moja kwa nne. Mwalimu wa hisabati na alifanye zoezi hilo darasani, kisha awaulize wanafunzi: je, mzazi angekubali kumpeleka mwanawe katika shule hiyo iwapo angeelezwa hivyo? Na tabianchi inapobadilika, asilimia 1 ya jana yaweza kuwa 2 au 3 kesho.

Kutoijua lugha hii kumetugharimu. Mnamo Oktoba 2023 wananchi waliambiwa kwanza kwamba El Niño inakuja, kisha wakasikia kwamba haitakuwa kali kama ilivyohofiwa. Novemba haikwisha kabla ya maji kuzikata barabara na kuwafukuza watu makwao kutoka Mandera hadi Garissa na pwani. Kituo cha IGAD kinachoshughulikia utabiri wa tabianchi, ICPAC, kilicho papa hapa nchini, hutoa utabiri wa misimu kwa asilimia. Hakisemi mvua itakuja au haitakuja. Husema uwezekano wa mvua kuzidi kiasi cha kawaida ni asilimia kadhaa. Wasikilizaji wasiofunzwa lugha hiyo huitafsiri kuwa ndiyo au la. Mvua isipotokea walivyodhani, humwita mtabiri mwongo, na mwaka unaofuata hawamsikilizi tena.

Wala tusizifanye modeli kuwa msahafu. Tangu miaka ya themanini na kwa muda mrefu baada yake mvua za masika katika Afrika Mashariki zilielekea kupungua, ilhali modeli nyingi zilitabiri kwamba zitaongezeka. Wataalamu wameliita jambo hilo kitendawili cha tabianchi ya Afrika Mashariki, nao wangali wanakitegua. Mwanafunzi asivunjwe moyo na hayo. Ayachukue kama mwaliko. Kuna swali kubwa la sayansi lililo wazi, linalohusu mvua inayonyesha juu ya paa la nyumbani kwao.

Ninayopendekeza ni machache. Serikali ya kitaifa na zile za kaunti zitenge fedha za kuvifufua vipimo vya mito na kuwalipa wanaovisoma, kwani haifai kununua utabiri wa mamilioni na kukosa posho ya msomaji wa ubao. Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya ivikubali vipimo vya shule, ivikague na kuvitumia, ili mtoto aone namba aliyoiandika imefika mahali. Vyuo vikuu vyetu viwafunze vijana kuziendesha na kuzihoji modeli hizi. Si haki mto wetu usimuliwe na wageni peke yao, tena kwa lugha ambayo mkazi wa bondeni haielewi. Nasi waandishi na walimu wa Kiswahili tuitafutie elimu hii maneno, maana onyo lisiloeleweka halimwokoi mtu.

Kwa walimu nina ombi dogo zaidi. Muhula huu ukaribiapo kwisha, kabla ya kufunga lango, mtafuteni mtu wa kulishika daftari la mvua wakati wa likizo. Mpeni kalamu, mwonyesheni namba, na mwambieni kwamba kuna tarakilishi kubwa mahali fulani duniani inayoungoja ushahidi wake. Hatakuwa ametia chumvi atakapowasimulia wenzake kwamba kazi yake yaweza kuamua ukingo wa Nzoia ujengwe mita ngapi.